MGA 1600 au Datsun 240Z? Angalia bati kabla ya hosipawa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa Mwanga, hapa Kigoma, na napenda sana magari ya spoti ya zamani. Nimepata nafasi ya kununua moja kati ya mawili. La kwanza ni MGA 1600 ya mwaka 1960, usukani kulia, limelala kwenye banda kule Ujiji miaka mingi na haliwaki. La pili ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, lilikuwa Tanga, limepulizwa rangi mpya na linatembea. Mwenyewe anasema liliwahi kukimbia Safari Rally. Fundi wangu anataka nichukue Datsun kwa sababu lina karibu hosipawa mara mbili. Anasema kama nang'ang'ania MG, tulivute kwa kamba liwake, na likigoma tutoe injini tuweke 5A ya Toyota. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na huyo fundi, maana kwa maelezo yako yeye ni hatari kuliko gari lolote kati ya hayo mawili. Ushauri kama wake naletewa hapa gereji Tabora kila mara, linabadilika jina la gari tu: leo MG, kesho Peugeot 404, keshokutwa Land Rover aliyoacha babu. Boneti haijafunguliwa, mtu ameshataja hosipawa na injini ameshaitoa kwa mdomo.

Kwenye hosipawa hajakosea sana. MGA 1600 ina silinda nne, cc 1,588, na inatoa hosipawa karibu 80. Datsun ina silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393, na karatasi za kiwanda zinasema 151. Hiyo 151 ilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, injini ikiwa kwenye benchi bila vitu vingi inavyovizungusha au vinavyoibana ikiwa ndani ya gari, kwa hiyo barabarani namba inashuka. Na ukipanda nalo huku kwetu inashuka tena: Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban asilimia kumi, na kabureta hazina namna ya kuirudisha nguvu hiyo. Hata baada ya makato yote, Datsun inaiacha MG mbali. MG inafika kilomita 160 kwa saa kwa kujikakamua, Datsun inakaribia 200. MGA ilianza kutoka Abingdon, Uingereza, mwaka 1955, ekseli ya nyuma ikiwa mzima juu ya springi za mabapa kama za lori. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, kila tairi na saspensheni yake. Hapo hakuna mashindano.

Ila wewe hununui mbio, unanunua bati. Injini ya gari la umri huu inafunguliwa, inachongwa, inafungwa upya na kurudi kazini. Bati likishaliwa na kutu kwenye sehemu zinazobeba gari, unabaki na kadi ya umiliki na rangi nzuri. Hilo ndilo fundi wako alipaswa kukuambia kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo tofauti ya magari haya mawili inapokuwa kubwa. MGA ina chesisi yake peke yake, vyuma vya boksi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Bodi inaweza kuchakaa na chesisi ikabaki nzima, na inaweza kuinuliwa ikashughulikiwa pembeni. 240Z haina chesisi ya kujitegemea. Sakafu, vizingiti vya milango, kuta za ndani za matairi na zile reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu, vyote hivyo ndivyo chesisi yenyewe. Kutu ikiingia humo inakula uti wa gari, hata kama nje linang'aa.

Sasa fikiria gari hilo limeishi Tanga, kwenye upepo wa chumvi, halafu linauzwa likiwa limepulizwa rangi juzi. Sisemi muuzaji ni tapeli. Ila rangi mpya kwenye Datsun ya pwani inanizuia kuona nilichokuja kuona, na mimi nisingelipa shilingi kabla ya kulitazama kwa chini. Lipandishe kwenye shimo au juu ya stendi imara, jeki peke yake haitoshi, uingie chini na tochi na bisbisi. Sukuma ncha ya bisbisi kwenye reli za chini ya sakafu, hasa mwanzo wake karibu na ukuta wa injini. Toa betri uone trei yake na bati lililo chini ya trei, kwa sababu asidi na maji hukaa hapo. Kagua kizingiti mbele ya tairi la nyuma. Fungua mlango wa nyuma, toa zulia, angalia kona karibu na taa. Ukikuta lami nyeusi nzito imepakwa upya chini kote, muulize muuzaji inaficha nini, kisha uombe ruhusa ya kuikwangua sehemu moja. Akikataa, umeshajibiwa.

Chukua pia sumaku ndogo, uifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe taratibu kwenye vizingiti na kwenye matao ya matairi. Panapo bati itavuta. Penye puti nene, ile ya kujazia bati, itateleza na kuanguka. Ila nakuomba uwe makini na kipimo hicho ukienda Ujiji. Milango ya MGA imevalishwa aluminiamu kwa nje, na boneti na buti pia ni aluminiamu. Sumaku haitashika hapo hata kidogo. Kuna watu wamepita na sumaku kwenye gari kama hilo wakatangaza kwamba limejaa puti, na mwenye nalo akaliuza kwa bei ya chuma chakavu. Kwenye MG sumaku ni ya fenda za mbele na nyuma, vizingiti na chesisi. Kwenye milango tazama ukingo wa chini, aluminiamu inapogusana na fremu ya chuma: ukiona unga mweupe na bati limevimba, unyevu umekaa hapo muda mrefu.

Kuna kitu kingine kwenye MGA ambacho huku Kigoma na Tabora kina uzito wa pekee. Sakafu yake ni ya mbao, plaiwudi iliyofungwa kwa skrubu juu ya vyuma vya chesisi. Ndiyo, kiwanda ndicho kilichofanya hivyo. Gari lililolala bandani kwenye udongo wetu, mchwa wanaweza kuwa wameimaliza zamani. Usiogope mbao. Seremala yeyote anakata nyingine kwa kufuata ile ya zamani, mradi asikuwekee mninga kwa kukupendeza. Weka plaiwudi ya unene uleule, uipake rangi ya mafuta pande zote na kwenye kingo. Kinachotakiwa kukutia hofu ni chuma kilicho chini ya mbao. Mbao iliyonyonya unyevu inaubana kwenye chesisi kwa miaka, na mchwa huja na udongo unaoshika maji. Kwa hiyo ng'oa mbao, safisha udongo, kisha bisbisi ifanye kazi. Nyuma ya viti utakuta vikalio viwili vya betri, kwa sababu gari hili linatumia betri mbili za volti 6. Hapo kutu ni kawaida, na vikalio hivyo vinaweza kutengenezwa upya. Chuma kikuu cha pembeni kikitoboka ni hadithi nyingine.

Watu wa Kigoma mna msemo kwamba ziwa linakula magari. Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Unyevu upo, kutu ipo, lakini ile chumvi ya bahari inayotafuna bati usiku na mchana haipo. Gari lililolala Ujiji chini ya paa lisilovuja linaweza kuwa na bati zuri kuliko lililokuwa likioshwa kila Jumamosi Tanga.

Kuhusu Safari Rally nitasema kifupi. 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ikashinda tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka 1972 mashindano yalianzia na kuishia Dar es Salaam, na aliyeshinda alikuwa Hannu Mikkola na Ford Escort. Tangu hapo kila Datsun ya aina hiyo inayouzwa Afrika Mashariki hupewa historia ya Safari. Gari la mwaka 1972 haliwezi kuwa ndilo lililoshinda 1971. Kama kweli lilikimbia, kuna picha yenye namba ya usajili inayosomeka, na mwilini kuna matundu ya kufungia vyuma vya ulinzi na taa za ziada. Pasipokuwa na ushahidi wa aina hiyo, lipa bei ya gari la kawaida.

Na uhaba? 240Z zilitengenezwa zaidi ya 150,000, MGA 101,081. Namba hizo si ndogo, ila nyingi mno zilipelekwa Marekani zikiwa na usukani wa kushoto. Zilizotoka kiwandani na usukani wa kulia ndizo chache, na hilo husomwa kwenye namba. Datsun ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japani namba yake ya chesisi huanza na HS30. Ikiwa HLS30, ilizaliwa na usukani wa kushoto na kuna mtu ameuhamisha. MGA 1600 ya wazi ya usukani wa kulia huanza na GHN, ya kushoto GHNL. Usukani uliohamishwa na mtu wa mtaani maana yake kuna bati limekatwa na kuchomelewa karibu na miguu yako. Namba hizi zisome kwenye gari lenyewe, kisha uzilinganishe na kadi. Usikubali kusomewa kutoka kwenye kadi peke yake.

Sasa nirudi kwenye injini, kwa sababu ndiyo inayoniudhi. Fundi wako anataka kuweka 5A. Je, amewahi kutazama 5A inavyokaa kwenye Corolla? Ni injini ya gari linalovutwa na tairi za mbele. Imelala kwa upana, na gia boksi yake inatoa ekseli mbili kwenda kwenye tairi za mbele, haina mahali pa kufungia propela. MGA inasukumwa na tairi za nyuma. Kwa hiyo injini hiyo itahitaji gia boksi ya gari jingine, bati la kuziunganisha, vikalio vipya vya injini, propela iliyokatwa na kupimwa upya, na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iliyobadilishwa isigonge vyuma vya mbele. Kila hatua kati ya hizo inakata kitu ambacho hakirudi. Mtu anayetamka 5A bila kufikiria hayo hajapiga hesabu yoyote, anakutajia injini anayojua inapatikana.

Na hiyo injini anayoidharau, je, ina ugonjwa gani usiotibika? Ya MGA ni ukoo wa B wa kampuni ya BMC, uliotumika kwenye magari mengi ya familia ya Uingereza na ukaendelea kwenye MGB, gari lililoirithi MGA, hadi 1980. Bloku ni chuma cha kusubu, kinene, kilichotengenezwa kikiwa na nafasi ya kuchongwa: pistoni zipo za oversaizi ya 20, 40 hata 60 (elfu za inchi), na beringi za krenki zipo za kila hatua ya kuchonga. Spea zake bado zinatengenezwa Uingereza mpaka leo na zinaagizwa. Karakana yenye mashine nzuri ya kuchonga na fundi mwenye maikromita wanaimaliza kazi hiyo. Wakati hedi iko mezani, muombe akuwekee viti vigumu vya valvu za ekzosi, yaani pete ambazo valvu hukalia zikijifunga. Kwenye hedi ya MG viti vimekatwa moja kwa moja kwenye chuma cha kusubu, vikitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani. Risasi ilishaondolewa kwenye petroli yetu kufikia 2006, na viti laini huzama kidogo kidogo mpaka nafasi ya valvu inakwisha. Hedi ya Datsun ni ya aluminiamu, viti vyake vimepachikwa tangu kiwandani, kwa hiyo hapo inaizidi MG. Na usikubali kuuziwa vichupa vya kumimina kwenye tangi wala kuchanganya petroli na oili ya pikipiki. Kiti cha valvu hutengenezwa kwenye mashine.

Injini ya asili ina kazi nyingine pia. Jumba la makumbusho la British Motor Museum kule Gaydon linatunza daftari za kiwanda za MG, na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka lini, rangi gani na injini namba ngapi. MGA yenye injini inayolingana na cheti hicho ni mali. Ukiitoa ukaiuza kwa mnunua vyuma, umeuza sehemu kubwa ya thamani ya gari kwa kilo.

Kulivuta kwa kamba ndiyo amri mbaya kuliko zote. Injini iliyolala miaka mingi ringi zake zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba, na oili yote imeshuka kwenye sampu. Ukilivuta na gia ikaingia, ringi zinavunjika na beringi zinazunguka kavu. Fanya hivi: toa plagi nne, mimina oili nyepesi kijiko kwenye kila silinda, uache siku kadhaa. Kisha izungushe kwa mkono taratibu kwa hendeli ya mbele, gari hili linayo nafasi yake. Ikizunguka bila kukwama, mwaga oili ya zamani, weka mpya, safisha tangi na mabomba ya petroli, ndipo uwaze umeme. Na kwenye umeme angalia: MGA hufungwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari unayoyajua. Betri mbili zimeungwa mfululizo kupata volti 12. Fundi asiyejua atazifunga kwa mazoea na kuunguza kitu kabla hajauliza.

Breki zote, za gari lolote utakalochagua, zifunguliwe kabla halijatembea mita kumi. Raba zimekauka. Nimepokea magari yaliyojazwa oili ya haidroliki kwenye breki kwa sababu ilikuwa karibu na mkono wa mtu. Oili hiyo huvimbisha raba za mfumo wa breki ya kawaida, na pedo inakuja kufa kwenye mteremko. Na mafundi wa spana za milimita waambieni waache MG. Nati zake ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, inaonekana inafaa, halafu inakula kona zote na kesho wanakuletea tindo.

Haya yote hayahusu MG na Datsun peke yake. Anayeng'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, kwa sababu "Afrika ni joto" anakutengenezea injini inayokaa baridi asubuhi ya Juni, inayokula petroli na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji, kuitoa kunaweza kufanya sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi. Gari likichemka, rejeta isafishwe, pampu ikaguliwe, taiming ipimwe. Anayeweka oili nzito kupita kiasi ili presha isome vizuri, anayejaza difu grisi ili isilie mpaka mnunuzi aondoke, anayeziba bati bovu kwa gazeti na puti: hao wote wanauza muda. Nyie wenye magari mnawapa kazi kwa sababu bei yao ya kwanza ni ndogo, kisha mnakuja kwetu gari likiwa limekatwa. Peugeot 404 na 504 nzuri zimeisha huku bara kwa njia hiyo, zikiwa na bati zima kabisa.

Kama chesisi ya MG ya Ujiji itapita bisbisi, chukua MG, hata kama injini haizunguki. Datsun ichukue tu ikiwa chini yake ni safi na mwenye nayo amekubali ukwangue. Kabla hujalipa, nitumie picha za namba zilizopigwa kwenye magari yote mawili, reli za chini za Datsun zikiwa zimekwanguliwa, na chesisi ya MG mbao zikiwa zimeng'olewa, kuanzia miguuni mpaka kwenye vikalio vya betri. Mpaka nizione, kamba ibaki ndani na fundi wako asiguse hata plagi moja.